Ubishi wa Ukurasa wa Vumbeni

Ukunda, Kwale
14 Machi 1999

Mpendwa kaka Johnstone,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia huko Leicester ukiwa mzima, na kwamba wifi Milcah hajambo, na Trevor kifua chake kimetulia. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini Jumapili haachi kwenda kanisani kwa miguu. Mvua bado, na joto la mwaka huu halisemeki.

Uliniuliza mbona kila ukiufungua ukurasa wa Vumbeni unakuta maneno mengine. Nitakueleza, maana wagombanaji wote wawili walipitia mezani kwangu.

Tangu Abdurahman wa Tiwi aanzishe ile kamusi elezo ya Pwani kwenye mtandao, wengi huja hapa dukani tunapopiga chapa na kutuma faksi, kwa kuwa kompyuta yetu imeunganishwa na simu. Kila mtu anaruhusiwa kuandika, na kila mtu anaruhusiwa kurekebisha alichoandika mwenziwe. Mimi kazi yangu ni kupiga chapa tu.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Mama Ashley, yule mjane wa kwetu Ukambani mwenye shamba Vumbeni, ng'ambo ya barabara ukitoka Munje. Jina lake hasa ni Eddah. Hakuwa amewahi kuandika kitu kikasomwa na watu. Alieleza jinsi walivyogawiwa mashamba, walivyofyeka, walivyochimba kisima. Mwanzoni kabisa aliweka hivi: "Kabla yetu Vumbeni palikuwa msitu usio na mtu." Nilipomwonyesha jina lake kwenye kioo cha kompyuta alikaa akilitazama mpaka mteja mwingine akakohoa.

Baada ya siku chache akaja Mwalimu Omari Chome wa Munje, mstaafu, mmoja wa waandishi wa mwanzo wa kamusi hiyo. Akausoma ukurasa, akavua miwani.

"Futa," akaniambia.

"Sentensi hiyo, Mwalimu?"

"Zote. Andika: ardhi hii ilikuwa ya wazee wetu, ikachukuliwa."

Nikaandika. Mama Ashley akaja na wenzake wa kanisani kuwaonyesha kazi yake, wasikute hata neno lake moja. Hakupaza sauti. Alisema tu nirudishe. Nikarudisha. Mwalimu akaja akafuta. Ikawa hivyo mpaka mwaka ukageuka, na wao wenyewe hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Mwishowe Mama Ashley akaniambia, "Dianah, liondoe jina langu kabisa. Mwaka wa tisini na saba, watu wa bara tuliposhambuliwa huku Pwani, nilihama kwangu usiku na sufuria kichwani. Sitaki kufukuzwa tena, hata humo ndani ya kompyuta."

Nilimpigia simu Abdurahman. Akasema angeweza kuufunga ukurasa usiguswe na mtu, lakini wa kwanza wakizoea kuwafukuza wanaokuja, kamusi itabaki yake na mkewe. Akaniomba niwakutanishe. Sikupenda, kaka, lakini Jumamosi nilifuatana na Mwalimu hadi Vumbeni.

Mama Ashley alimwamkia vizuri, akatandika mkeka. Tulikaa. Kisha Mwalimu akaomba ruhusa ya kuzunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata. Katikati ya mihogo palikuwa na kipande cha ardhi kisicholimwa, chenye mawe yaliyopangwa, pamepaliliwa safi.

"Nani anayepapalilia hapa?" akauliza.

"Ni mimi."

"Basi unajua ni nini."

"Najua, Mwalimu. Ni makaburi. Niliyakuta."

"Mbona basi uliandika hapakuwa na mtu?"

"Nikiandika makaburi, kesho atakuja mtu aseme hapa si pangu, niondoke. Marehemu mume wangu amelala pale penye mkorosho. Nitamhamishia wapi?"

Mwalimu alichuchumaa, akaweka mkono juu ya jiwe moja. "Nawe ukiandika hapakuwa na mtu," akasema, "bibi yangu huyu anakuwa hakuzaliwa."

Sikuwaona wakilia wala kukumbatiana. Walirudi mkekani wakanywa chai, na wiki iliyofuata wakaja dukani pamoja. Walibishana asubuhi nzima: Mwalimu akitaka "ikachukuliwa," mama akitaka "tukapewa." Hatimaye wakakubaliana kila kauli ibaki na mwenyewe atajwe: wazee wa Munje husema hivi, walowezi husema hivi. Makaburi yameandikwa, ya zamani na lile la penye mkorosho.

Abdurahman ameongeza sharti kwenye ukurasa wa kwanza: mtu asifute maneno ya mgeni kabla hajamsalimu na kumuuliza. Usidhani Mwalimu amegeuka malaika. Juzi tu amegombana na mtu wa Msambweni juu ya jina la samaki. Lakini alimsalimu kwanza.

Mwezi uliopita alikwenda Vumbeni na jamaa zake kumsomea bibi yao dua. Mama Ashley aliwapikia mbaazi, akauliza jina la marehemu ili aliandike yeye mwenyewe. Alikuja hapa, akakataa nisimpigie chapa, akalitafuta herufi kwa herufi: Mwanatuma.

Mwalimu alipolisoma nilikuwa tayari nimeweka vidole kwenye vibonye, nikingojea aseme futa. Jina la bibi yake ni Mwanatumu. Akavua miwani, akasema, "Liache hivyo. Nitapita Vumbeni, nimwombe ruhusa." Kwa hiyo, kaka, ukiufungua ukurasa ukaiona herufi hiyo iliyokosewa, nakuomba usiirekebishe. Ina wenyewe.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Kavumbi pia; anauliza lini utamleta Trevor amwone. Kitheka amepata kazi ya jikoni katika hoteli moja Diani, naye anasema anakushika mkono. Mungu awafunike huko kwenye baridi, awarudishe salama.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Dianah Kalondu