Makofi ya Kiwandani

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu nyingi, na pole kuliko salamu. Mguu unaendeleaje? Muuguzi aliyetuandikia barua kwa niaba yako anasema umeanza kuwatania wagonjwa wenzako, nikajua bado ni wewe. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, ila mdomo ni mzima: juzi alimwambia jirani kuwa jeshini wamekukondesha kwa makusudi.

Habari zangu ni hizi. Kile kiwanda cha sufuria kilichoniajiri hakitengenezi sufuria tena. Tangu mwaka jana tunatengeneza maganda ya makombora. Kazi yangu ni kukagua. Nikiridhika nagonga muhuri. Sikuwaambia, maana Mama angeninunia.

Oda mpya ikija, msimamizi hupiga kengele nasi hupiga makofi. Ndiyo desturi yetu tangu enzi za sufuria. Redio ilipotangaza mazungumzo ya amani, kengele ilinyamaza wiki mbili nzima. Msimamizi si mtu mbaya. Alikuja kwenye meza yetu, uso umemshuka kama mfiwa.

“Amani ikija,” alisema, “nusu yenu mtarudi nyumbani.”

Mwenzangu wa zamu, mjane mwenye watoto wanne, alilia palepale. Tangu siku hiyo tukawa tunasikiliza redio kwa hofu, na kila mkutano ulipoahirishwa tulishusha pumzi. Hakuna kati yetu aliyemchukia mtu. Zamani nilidhani vita huendeshwa na wenye chuki.

Mdogo wangu, sasa nisome mpaka mwisho. Mazungumzo yalipovunjika, kengele ililia asubuhi ileile. Nilipiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikaniwaka moto, nikamkumbatia yule mjane, tukacheka. Sikukukumbuka hata kidogo. Siku ya nne ndipo ulipokanyaga bomu. Husemwa vita vya panzi furaha ya kunguru. Sikujua kunguru anaweza kuwa na ndugu kati ya panzi.

Naona aibu, na kazi sijaacha. Dawa za Mama zinatoka humohumo.

Jana walitangaza kuwa mazungumzo yameanza upya. Nilikaa kitandani nikaomba yafanikiwe, na katikati ya dua nikajikuta nawaza zamu yangu. Niombee wewe, mimi nimeshindwa.

Mama anakusalimu, anasema ule ushibe. Usinijibu kwa haraka.

Ni mimi,
Dada yako