Mwanamke Asiyepiga Makofi

Ubelgiji, 5 Agosti 2012

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na Mama Léocadie. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu hata mwezi wa nane.

Najua bado unawaambia watu kwamba nasomea kupiga gitaa hospitalini. Ni tiba ya muziki, Papa, na nahitaji msaada wako. Memwari yangu, ile kazi kubwa ya kuandika mwishoni mwa masomo, inahusu watu waliokimbia vita. Mimi niko mbali, wewe uko karibu na hao wa Rutshuru waliojaa kambi ya Kanyaruchinya. Chukua ngoma, ukae na wanawake kumi, kisha uniandikie kila kinachotokea. Nikifaulu vizuri, kuna kituo hapo Goma kitaniajiri.

Sharti ni moja: usiwaongoze kama kwaya yako. Anayenyamaza, mwache anyamaze.

Binti yako, Charline

Katoyi, Goma, 2 Septemba 2012

Mutoto wangu Charline,

Salamu nyingi. Mama yako ni mzima. Mimi nimevunjika meno mawili ya mbele, ndiyo sababu nimechelewa. Siandiki kwa meno, najua, lakini nilikuwa na haya.

Nilifuata maneno yako kwa dakika kumi. Wanawake walikaa duara juu ya yale mawe meusi ya volkano, nikapiga ngoma, wakachagua wenyewe wimbo wa matoleo na kupiga makofi. Mmoja hakupiga. Anaitwa Mukabalisa, mama wa makamo kutoka upande wa Rutshuru. Wewe unanijua. Naongoza kwaya miaka ishirini na sita, na mtu anayeimba mikono imelala ananiwasha kama upupu. Nilimwendea, nikamshika mikono yote miwili, nikaigonganisha. "Hivi, mama! Hivi!"

Alinipiga jiwe mdomoni. Nilipoanguka akanikalia kifuani, akaendelea, na wanawake wanne walishindwa kumtoa. Hakutoa sauti hata mara moja.

Jirani yake alinieleza baadaye. Wapiganaji walipoingia kijijini kwao waliwapanga watu mbele ya kanisa, wakawaamuru waimbe na kupiga makofi ili kijiji cha pili kisisikie vilio. Aliyeacha kupiga alikatwa panga palepale. Mume wa Mukabalisa na wanawe wawili walichinjwa mbele ya macho yake, naye akaendelea kupiga kwa sababu alikuwa na binti mdogo mgongoni. "Alipiga mupaka vidole vikavimba, muzee," jirani aliniambia. Kamanda alikuwa anawahesabia mapigo, huku akicheka.

Kisha nikaja mimi na mikono yangu. Nimelia mbele ya mama yako, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Papa yako, Evariste

Ubelgiji, 10 Septemba 2012

Papa,

Pole kwa meno, na pole zaidi kwa machozi. Mama anakupikia uji? Nilikukasirikia siku tatu. Siku ya nne nikajikasirikia mwenyewe, maana nilikutuma mahali ambapo sikuthubutu kwenda.

Nilimtafsiria profesa wangu barua yako. Alisema memwari yangu ni hii. Natamani kuiandika, siwezi kukudanganya. Rudi kwa Mama Mukabalisa. Umwombe msamaha kwanza, halafu umuulize kama anakubali.

Charline wako

Katoyi, 7 Oktoba 2012

Mutoto wangu,

Habari za huko? Huku tunakula maharagwe na kusikiliza mizinga.

Nilienda mara tano. Mara nne alinigeuzia mgongo. Ya tano niliketi na ngoma yangu bila kuigusa, naye akasogea, akaigonga mara moja. Nikajibu mara moja. Tuliongea hivyo asubuhi nzima. Siku hizi yeye ndiye anaongoza na mimi nafuata, na akiona nimekosea ananikazia macho kama mimi ninavyowafanyia wanakwaya wangu. Juzi alicheka.

Kuhusu memwari, alisema: "Muandike. Lakini jina langu lisitoke. Ule kamanda iko muzima." Nimemwapia, Charline. Usiniaibishe.

Papa yako

Ubelgiji, 11 Novemba 2012

Papa na Mama,

Mmeamkaje? Mimi sijalala kwa furaha. Nimewasilisha sehemu ya kwanza, na maprofesa walisimama kunipongeza. Kituo cha Goma kimeniandikia kwamba mwakani nafasi ni yangu.

Redio moja ya huku, inayosikika mpaka kwetu, ilinihoji kwa Kiswahili. Usiogope: sikutaja jina lake wala kijiji. Nilieleza yale makofi tu. Nilianza kama mlivyotulea, kumtaja mzazi kwanza: mimi ni binti wa Evariste Kataliko, mwongoza kwaya wa Katoyi, na ndiye anayemsaidia mama huyo. Nilijivunia, Papa.

Charline

Katoyi, 6 Desemba 2012

Charline,

Tuko hai. Nimeona nianze na hilo.

Kambi ilikimbia kabla mji haujaanguka. Mukabalisa na binti yake walikuja kwetu, tukawaficha jikoni nyuma ya magunia ya makala ya kupikia. Wapiganaji walipokuwa wamekwisha kuushika mji, wanne waliingia uani bila kubisha. "Muongoza kwaya Kataliko ni weye?" Mkubwa wao alisema alisikia redio. "Ule mama wa makofi iko wapi?"

Nilisema sijui. Wakanipiga kwa kitako cha bunduki, sikio la kulia, kisha la kushoto, kila swali na pigo lake. Mama yako alinikumbatia, wakamvunja mkono. Damu ilinijaa shingoni, nikaanza kuona midomo yao inacheza bila sauti, na hapo sikujua tena wananiuliza nini. Nilizidi kutikisa kichwa. Walinipiga mpaka nikazimia, wakaondoka wakidhani nimekufa. Jikoni, Mukabalisa alikuwa amembana binti yake mdomo. Mtoto yuko hai.

Sasa wapiganaji wametoka mjini. Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba masikio haya hayatapona. Kwaya nimemwachia Aubin, yule mpiga ngoma wangu.

Nimekukasirikia, na hasira haijaisha. Ulimficha yeye ukanitaja mimi, kana kwamba kwangu si njia ya kufika kwake. Lakini najua ulinitaja kwa mapenzi, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Tangu juzi unapiga simu. Mama yako ananionyesha jinsi inavyowaka. Acha kupiga, siwezi kukusikia ukiomba msamaha. Panda ndege, uje ukae mbele yangu, useme polepole, nikusome midomo.

Papa yako, Evariste