Ufunguo wa Kisima cha Nyabusozi

Benaco, 12 Februari 1995

Mpendwa mdogo wangu Tecla,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hapo Nyabusozi, na watoto, na ule mgongo wako? Mimi ni mzima, ila moshi wa kuni mbichi unanimaliza macho. Bado napika uji wa shule hapa kambi ya wakimbizi.

Sasa kaa chini nikuambie. Jiko langu liko ubavuni mwa darasa na ukuta wenyewe ni turubai, kwa hiyo kila anachofundisha Mwalimu Laurian nakisikia. Ni mkimbizi wa Rwanda, anafundisha historia kwa lugha yao, na kwa Kisubi chetu nashika karibu yote. Wiki hii ni Marekani, miaka ya mwanzo ya karne hii. Tecla, ulijua kwamba kule majimbo mengi wanawake walikuwa hawapigi kura? Matajiri wote wale. Wakaandamana, wakatiwa jela, wakagoma kula. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, wanaume wakapelekwa Ulaya, wanawake wakashika kazi viwandani. Mwaka 1920 wakapewa kura nchi nzima. Nilisahau mwiko mkononi, uji ukaungua, watoto wakaunywa hivyohivyo.

Nikawakumbuka nyie na ndoo zenu, mnamngoja Mzee Bulugu, mwenyekiti wa kisima, atoke kilabuni na ufunguo wa pampu. Ameuvaa shingoni kama rozari, na maji hajachota hata siku moja. Uchaguzi si mwezi ujao? Gombea.

Dada yako,
Deodata


Nyabusozi, 3 Machi 1995

Dada Deodata,

Milele na milele, amina, na shikamoo. Hatujambo, mgongo unanisumbua wakati wa palizi tu. Pole na moshi.

Barua yako nimewasomea wanawake kisimani mara mbili. Jirani yetu Domisiana akauliza, "Na waume zao waliwapikia nini siku wako jela?" Tukacheka mpaka ndoo zikamwagika.

Nimejiandikisha. Mzee Bulugu ameniambia, "Mama, wewe na ufunguo wapi na wapi? Utaupoteza kwenye unga." Shida ni ileile: watu wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, na mke anaenda mstari wa mumewe. Mwaka ule nilipogombea nilipata watu watatu, wote wajane. Nani atatoka mstarini mbele ya mumewe, halafu arudi naye nyumbani? Muulize mwalimu wako, Wamarekani nao walipanga mstari?

Mdogo wako,
Tecla


Benaco, 9 Machi 1995

Mpendwa Tecla,

Amani ya Kristo. Mgongo uukande kwa maji ya moto, Kwaresima haikatazi.

Nimeuliza. Hawakupanga mstari. Mtu anaingia kibandani peke yake na karatasi, anatoka, hakuna aliyeona. Kwa kuwa si nyote mnaojua kusoma, tumieni punje. Harage ni wewe, hindi ni Bulugu. Debe liwekwe nyuma ya mlango wa kanisa la kigango, kila mmoja aingie peke yake. Mwombe katekista Bartholomayo alisimamie, haogopi mtu yule.

Nakuombea kila jioni.

Dada yako,
Deodata


Nyabusozi, 21 Machi 1995

Dada,

Shikamoo. Naamini u mzima, nami ni mzima kupita kiasi. Ufunguo uko shingoni mwangu ninapoandika.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Bulugu alikubali debe bila ubishi, nikashangaa. Kumbe alishapatana na wanaume: kila mume alimpa mkewe hindi moja mkononi, akamsindikiza mpaka mlangoni. Nasi maharage tulikuwa nayo, tumeyafunga kwenye pindo la kanga. Tunaingia, harage kwenye debe, hindi tunalitupa nje dirishani. Hilo la dirishani hatukulifikiria vizuri. Kuku wote wa Bartholomayo wakajaa nyuma ya kigango, wanadonoa. Mume wa Domisiana akachungulia, akawaangalia kuku, akamwangalia mkewe. "Hindi langu liko wapi?" Domisiana akamjibu, "Muulize huyo jogoo."

Maharage sitini na moja, mahindi thelathini na manne. Bulugu aliuvua ufunguo mwenyewe. Mshukuru mwalimu.

Mdogo wako,
Tecla


Benaco, 24 Aprili 1995

Mdogo wangu Tecla,

Heri ya Pasaka. Mko salama? Mwezi mzima umenyamaza, nami nilikuwa nikikusifia kwa kila aliyepita jikoni.

Domisiana amekuja hapa kuuza ndizi. Amesema kamati yako ya kisima imewakataza maji wakimbizi wanaolima vibarua mashambani kwenu, nao wanachota mtoni na ng'ombe. Nimeinamisha kichwa. Watoto wa watu hao ndio ninaowapikia.

Mwalimu ameendelea na Marekani. Baada ya vita rais wao alihimiza uundwe Ushirika wa Mataifa, wakubwa wenzake bungeni wakakataa nchi ijiunge. Mwaka 1924 wakatunga sheria ya kubana wageni, kila taifa na idadi yake ndogo. Na wanawake kura walikuwa nayo tayari, Tecla. Mwalimu mwenyewe yanamgusa, maana mpaka wetu umefungwa tangu mwisho wa Machi na ndugu zake wengine wako upande wa pili.

Ufunguo ni ule ule wa Bulugu. Niambie ukweli.

Dada yako,
Deodata


Nyabusozi, 9 Mei 1995

Dada Deodata,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Sisi wazima.

Nilikasirika, siku nne sikutaka hata kuiona barua yako. Ni kweli tulifanya hivyo. Tuliogopa kiangazi, kisima kikauke watoto wetu wanaona.

Juzi Jumapili nikalirudisha debe. Harage ni wageni wachote, hindi ni wasichote. Kuku tuliwafungia kwanza. Mzee Bulugu naye akaja: "Mama mwenyekiti, nipe punje zote mbili, nisijulikane." Maharage yameshinda kwa mawili. Sijui ni ya nani, na sitauliza. Jana asubuhi wameanza kuchota, baada yetu, na pampu nilifungua mimi. Mama mmoja alinisalimia kwa Kinyarwanda, nikamwitikia kwa Kisubi, tukaelewana.

Siku arobaini tuliwanyima, nimezihesabu kwenye kalenda ya kigango. Sasa wanawake wanataka kujua: wale Wamarekani walikaa na mlango wao umefungwa hivyo muda gani? Muulize mwalimu, unijibu mapema, kabla hatujakutana tena Jumapili.

Mdogo wako,
Tecla