Jiwe la Kuanikia Makopa

Dada Mwanasha, shikamoo kutoka Kisumu.

Jua la huku linachoma bila upepo, nami situlii tangu uliponambia kuwa mdogo wetu Bakari anataka kuwauzia wavunja kokoto lile jiwe pana la kwetu Bofu. Leo nilikaa juu ya mwamba kando ya ziwa, wanawake wakianika dagaa. Mmoja akanijia na ufagio: "Mzee, toka! Hiyo ni mahali ya mama mkwe yangu!" Nikamuuliza yuko wapi. "Alikufa kitambo. Bado ni yake."

Wallahi niliondoka nikicheka. Si ndivyo tulivyokua? Mama akianika muhogo wa makopa upande wake, jirani upande wake, bila ua wala mstari, sisi watoto tukifukuza kuku. Leo Bakari anasema jiwe halina hati! Na makopa yaliyomkuza yeye yalikuwa na hati?

Ukiipata kadi hii, waite wanawake wa mtaa mwanike muhogo jiwe zima, kila mmoja mahali pa mamake. Mungu akuzidishie ukali wa ulimi, maana wangu uko mbali.

Nduguyo akupendaye,
Salim