Benchi la Mkono wa Keiva

Haugen, mwezi wa tano

Kwako mdogo wangu Ragnhild,

Nina miaka themanini na mitatu, na nimewazika mke mmoja, farasi watatu, wachungaji wanne, na yule daktari aliyesema moyo wangu hautafika sabini. Basi hali yangu ndiyo hiyo. Wewe je, goti lako? Na lile lipaka lako bado li hai? Mwandiko univumilie. Shule nilikwenda majira ya baridi manne tu, na yalinitosha.

Habari ya huku ni kwamba nimetengeneza benchi la seremala, peke yangu, ndani ya banda la zamani la kondoo. Miguu ni boriti za ghala la baba, uso ni mbao za mti wa betula nilizozikausha miaka sita. Msumari hakuna hata mmoja. Ukilipiga teke, utaumia wewe. Bondeni humu hakuna kijana wa kutengeneza kitu kama hiki. Wao wananunua la kufunga kwa skrubu, likitikisika wanakunja karatasi wanaliwekea chini ya mguu.

Gunnvor, jirani yangu, alikuja na kahawa yake mbovu, akalizunguka, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, wee mzee Torleiv, jiriwa la kubania mbao si linakaa kushoto? Umelifunga kulia, sasa mbao utazibana ukiwa umesimama kwa kichwa? Nikamwambia anywe kahawa yake anyamaze. Akasema basi uzee umeingia wenyewe, akaenda kunitangaza dukani. Waache waseme. Sijakosea. Benchi la mtu wa mkono wa kushoto, jiriwa lake hukaa kulia. Na mimi mkono wa kushoto siutumii hata kujikunia.

Unajua ni la nani. Mwanangu Eivind anakula kwako kila Jumapili, lakini kwangu hajakanyaga miaka thelathini na minne. Hata tulipomzika mama yake alisimama ng'ambo ya kaburi, akaondoka bila kuja kunywa kahawa.

Sisi hapa mkono wa kushoto tunauita keiva, na mtu wa kuharibuharibu kazi tunamwita hivyo hivyo. Nami nikawa namwita Keiv-Eivind, mbele ya watu, kwa sababu lilitamkika vizuri. Watu walicheka. Nilijiona mcheshi.

Sasa soma polepole. Nilikuandikia wakati ule kwamba vidole vyake viwili vilikatika kwa kuchezea kishoka, nawe ukamtumia barua kali, ukamwita mtoto asiyesikia. Hakuchezea. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimfunga mkono wa kushoto kwenye jiriwa kwa mkanda wangu wa suruali, ushike kigingi tu, usiguse kishoka, nikamwambia achonge kwa mkono wa watu, wa kulia. Kishoka kikateleza. Mkono haukuwa na pa kukimbilia. Kwa daktari nikasema alikuwa anachezea. Eivind akanitazama, kisha akamwambia daktari, ndiyo, nilikuwa nachezea.

Uongo ulikuwa wangu, akaubeba yeye.

Sikuombi msamaha, kuomba sijui. Nataka Jumapili umsomee barua hii yote, na pale pa mkanda usiruke. Asipokuja, benchi litakaa hapo hapo. Simpi mtu, wala Gunnvor haliwekei maua yake.

Limebaki jambo moja tu. Miguu ya benchi hukatwa kwa kimo cha mwenyewe, uso ufike kwenye kifundo cha mkono wake akisimama wima. Alama za kimo chake kwenye fremu ya mlango wa jikoni zinaishia miaka kumi na sita, mwaka alioondoka. Sijui sasa ana urefu gani. Kwa hiyo miguu nimeiacha mirefu, na msumeno nimeutundika kando yake.

Goti lako ulikande kwa maji ya moto, na paka umpunguzie maziwa. Habari za benchi ukizitilia shaka, muulize Gunnvor, amelicheka kwa macho yake mwenyewe. Habari za mkanda zina shahidi mmoja tu. Muulize yeye, na safari hii mwache ajibu.

Kaka yako,
Torleiv