Wimbo wa Kuvalia Mabuti

Hallunda, Stockholm

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hatujambo. Babu yako bado anabishana na goti lake. Pole na joto la huko Osaka.

Unaniuliza wimbo gani wa Kijapani utawafaa wanafunzi wako kwa halaiki ya siku ya michezo. Miaka ya sabini, nikiwa mwalimu msaidizi hapa Stockholm, mzazi mmoja Mjapani alituletea santuri za kwao. Sisi walimu tukachagua wimbo mtamu kuliko zote. Watoto wakaucheza kama wanasindikiza jeneza.

Kesho yake, walipokuwa wakivaa mabuti koridoni, kazi ya kubembelezana kila siku, nikaweka santuri nyingine, kwangu mimi kelele tupu. Elina, mtoto wa Kifini ambaye hakuwa amesema na mtu tangu aje, akawa wa kwanza kusimama. Buti moja mguuni, jingine mkononi, akimwonyesha mwenzake hatua. Maneno hakuna aliyeyaelewa, basi siku hiyo hapakuwa na mgeni.

Kwa hiyo usiniulize mimi, mama. Weka nyimbo mojamoja wakivaa viatu, kisha utazame miguu.

Wimbo ule siupendi hadi leo. Ila nikiusikia, miguu yangu hainiulizi.

Bibi yako