Mtamba Aliyelala Kwetu

Nairesiae mkwe wangu, msomee na mumeo.

Uji nimeufunika jikoni. Leo ni zamu yetu shamba la ujamaa, tangulieni. ~~Msinisubiri kula.~~ Kula nisubirini, nitarudi na njaa.

Asubuhi mlinicheka sana. Kweli, nilisimama na birika mkononi nikiomba "kile kidude cha bati, chenye matundu, cha chai", na jina lake likagoma kuja. Koikai mwanangu akasema, "Mama, kesho utasahau na jina langu." Mkacheka mpaka chai ikapoa. Sawa. Uzee ndio huo, majina yananikimbia, hata ya majirani.

Lakini sura hazijanikimbia. Baada ya chai nikapita zizini. Mtamba wetu mwekundu ana baka jeupe linaloshuka mpaka nyuma ya goti. Huyu aliyelala kwetu, baka lake linaishia tumboni. Ni wa Lekakeny, tunayenywesha naye ng'ombe lamboni! Koikai, wewe mwenye kichwa kizima, jana mifugo ilichanganyika lamboni ukaswaga wa watu, wetu ukamwacha. Nakwenda kumbadilisha sasa hivi, kabla hatujaitwa wezi mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Karatasi hii nimeichana kwenye daftari langu la kisomo cha ngumbaru. Mwalimu asiambiwe.

Mama yenu

Chujio! Limenijia nikiwa njiani. Nimerudi na ng'ombe wa watu mpaka mlangoni, niliandike kabla halijatoroka tena. Na lako, Koikai, bado ninalo.